Uso wa Mama Mkwe Kwenye Mkebe

Mliokuwa nami wiki jana mnajua uongo wangu ulikuwa umefika wapi. Kwa anayefungua ukurasa huu leo kwa mara ya kwanza nitasema kwa ufupi, maana aibu ikirudiwa sana huanza kusikika kama majivuno.

Naitwa Masinde. Nilizaliwa hapa Nakuru, kwenye nyumba za reli, ambako babu yangu aliletwa kutoka Bungoma kutia makaa kwenye garimoshi. Kiwanda cha unga kiliponiachisha kazi, niliandikwa na kijana anayeitwa Lewis. Lewis alirudi kutoka ng'ambo na ndevu ndefu na mitungi minne ya chuma, akafungua kiwanda kidogo cha bia, ile wanayoiita craft, katika mtaa wa Section 58, akakiita Ngazi Tatu. Mpishi wa bia ya Ngazi Tatu ni mimi.

Mke wangu Naliaka hufundisha Sunday school, na kanisa letu halina mchezo na pombe. Kwa hivyo nyumbani nilisema napika uji wa watoto, ule wa kuongezewa vitamini. Nimesema hivyo kwa miaka miwili. Nikirudi jioni nanuka, nasema ni wimbi. Hapo angalau sikudanganya, maana kimera chetu kina wimbi.

Msimu wa bia mpya ukafika, na kila kiwanda kidogo cha Rift kikatoa kioja chake. Mmoja alileta bia nyeusi ya viazi vya Kuresoi. Mwingine alifukiza kimera kwa moshi wa mbao za Elburgon, bia ikatoka na ladha ya nyumba iliyoungua, na watu wakapanga foleni. Kule Kamere, kwenye mashamba ya maua, kulikuwa na mtu aliyetia petali za waridi. Lewis akaona anaachwa nyuma. Akasema anataka kitu chenye mizizi, kitu cha mababu, na nikamwambia basi atafute busaa, pombe ya kienyeji ya unga wa kukaanga, aitie kwenye mkebe.

Mdomo wangu huu.

Mtu aliyejua busaa kuliko wote ninaowajua ni mama mkwe wangu, wa Elburgon. Zamani aliwapikia watu wa viwanda vya mbao mpaka Jumatatu misumeno ikawa haina wa kuishika. Kisha akaokoka. Leo ni mwenyekiti wa wamama wa kanisa, na kila Desemba husimama kutoa ushuhuda wa jinsi Bwana alivyomtoa kwenye chungu.

Kwetu Wabukusu, mtu na mama mkwe wake hawapeani mkono, hawaketi chumba kimoja, na jina lake hulitamki. Hata hapa gazetini nitaandika Mama, basi. Ukiwa na neno, unalipitisha kwa mtu. Mtu wetu ni Nerima, mdogo wake Naliaka, anayeishi na Mama. Kupitia kwa Nerima niliuliza unga unachachushwa vipi na kukaangwa vipi, nikasema ni wa uji. Kupitia kwa Nerima nikapata picha ya Mama, na sahihi yake kwenye fomu ya Kiingereza ya kurasa nne. Lewis aliniahidi kwamba picha ni ya kumpa msanii wazo tu, achore bibi wa kubuni.

Hapo ndipo niliwaacha. Jumatatu, mikebe ikafika.

Nilipasua karatasi ya furushi la kwanza, na Mama alikuwa ananitazama.

Hakuwa bibi wa kubuni. Ilikuwa picha yenyewe, na kitambaa chake cheupe cha kanisa kichwani, na lile tabasamu alilotoa alipoambiwa uso wake utawauzia watoto wa shule uji. Chini yake, kwa herufi za dhahabu, jina lake lote.

Niligeuza mkebe uangalie ukuta. Mpaka leo sijui kama ilikuwa hofu au adabu.

"Lewis, ulisema msanii atachora mtu."

"Alichora watatu. Wote wanakaa wamechorwa," akasema. "Huyu anakaa ukweli. Budaa, craft si pombe. Craft ni story."

"Na hili jina umetoa wapi?"

"Kwa form. Ameandika mwenyewe. Handwriting safi sana."

"Lewis, huyo ni mama ya bibi yangu."

Nilidhani atatafuta kiti. Badala yake uso ukamng'aa.

"Wacha. Ni mathe mkwe wako? Na hukusema? Hiyo ingeingia kwa label."

"Ni mtu wa kanisa. Anajua ni uji."

"Kwani uji na busaa si ni cousins?" Akachukua mkebe mmoja, akaubusu kwenye shavu. "Launch ni Saturday. Printing nyingine ni wiki tatu. Hebu nitamkie hiyo jina, nijue venye inasemwa."

"Siwezi."

"Kwa nini?"

"Kwetu jina la mama mkwe halitamkwi."

Lewis alitoa kijitabu mfukoni akaandika hilo pia.

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Mimi nilikuwa nimeshaingia, na bado nilikuwa nashika jembe. Nilijiambia Elburgon ni mbali, wamama wa kanisa hawaendi kwenye sherehe za vijana wenye ndevu, na Naliaka hapiti Section 58. Bia itauzwa, itaisha, na Lewis atahamia kwa mama mkwe wa mtu mwingine.

Jumanne asubuhi Naliaka alikuwa anapiga pasi sare ya Emmy, binti yetu.

"Baba Emmy, mbona hukuniambia?"

Niliweka kikombe chini.

"Nikuambie nini?"

"Kampuni yenu imempigia Mama. Atakuwa mgeni wa heshima Jumamosi. Wanatuma gari mpaka Elburgon, na ameambiwa alete wamama wa kanisa waimbe. Wanakuja kumi na wawili."

"Nani alimpigia?"

"Msichana anaitwa Sue. Ako na sauti ya heshima. Amesema ni uzinduzi wa experience ya nafaka."

Sue ndiye mtu wa matangazo wa Lewis. Tangu nimjue sijawahi kumsikia akitamka neno bia. Kwake bia ni experience, ulevi ni vibe, na mtu akitapika uani Sue husema mteja ame-engage.

Naliaka aliweka pasi chini.

"Unajua Mama amelia kwa simu? Amesema watu wa Elburgon bado wanamkumbuka na chungu. Hata akiomba vipi, kuna mzee atapita sokoni amuulize kama amepika. Amesema sasa watamkumbuka na uji." Akanitazama vile alivyonitazama siku ya harusi. "Umemheshimu mama yangu, Masinde. Sitasahau."

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Mungu aliiweka mezani, kando ya mkate. Niliomba sukari.

Jumatano sikuweza tena. Nilienda Elburgon nikiwa nimeamua kusema yote, kwa sababu niliona afadhali Mama ajue kwangu kuliko ajue kwa spika.

Nilikaribishwa sebuleni. Mama alikuwa jiko la nje, ng'ambo ya uwanja, kama inavyotakiwa. Nilimsikia akikohoa moshi. Nerima akaniletea maji ya kunawa.

"Shemeji, umekonda," akasema.

"Nerima, kaa chini. Nina neno la Mama, na usilipunguze."

Nikamwambia. Nilimwambia si uji, ni busaa, na si busaa tu, ni bia iliyo na karatasi za serikali, asilimia saba, na uso wa Mama uko juu ya mikebe elfu nne. Nilimwambia nimemdanganya Naliaka miaka miwili na Mama mwezi mmoja. Nikamwambia amsihi Mama asije Jumamosi, na kama anataka kunilaani, anilaani kabla sijaondoka, nisilaaniwe nikiwa barabarani.

Nerima alisikiliza mdomo wazi. Kisha akavuka uwanja akaingia jikoni.

Alikaa huko muda mrefu. Nilisikia sauti, lakini si maneno. Niliangalia kalenda ya ukutani mpaka nikakariri siku zote za Agosti. Alirudi na sahani ya ugali na mboga.

"Amesemaje?"

"Amesema ule kwanza."

"Baada ya kula?"

"Amesema atakuja Jumamosi. Na anakuombea."

Nililia, sitaficha. Nililia juu ya ugali wa mtu niliyemkosea. Nimesoma Biblia tangu utoto na sikuwa nimewahi kuonjeshwa msamaha hivyo, bila swali hata moja. Nilirudi Nakuru nikiwa mtu mpya. Nikasema, kama Mama ameweza, Naliaka naye ataweza, na Mama mwenyewe atanisaidia kumweleza.

Jumamosi saa tano asubuhi uwanja wa Ngazi Tatu ulijaa. Walikuwepo vijana kutoka Nairobi waliovaa gumboots mpya ambazo hazijawahi kuona tope. Alikuwepo mtu wa kuonja bia, mwenye kofia, aliyetia pua kwenye glasi, akafunga macho, akasema anasikia shamba baada ya mvua na upweke kidogo. Watu wakaandika. Kule nyuma ya soko mama mmoja hupika kinywaji hichohicho na kukificha chini ya kitanda askari wakipita. Hapa afisa mmoja alikuja na suti kukata utepe.

Kisha gari likafika. Wamama kumi na wawili wakashuka na sare, vitambaa vyeupe, vitabu vya nyimbo mkononi. Mbele yao Mama. Naliaka alikuwa pamoja nao, amemshika Emmy mkono. Nyuma yao Nerima, na nywele mpya.

Sue aliwaketisha kwenye hema la heshima, chini ya bango kubwa lenye uso wa Mama na jina lake. Hakukuwa na neno bia mahali popote kwenye bango hilo. Wageni wote walikuwa na glasi za kitu cha rangi ya udongo, kizito kidogo, chenye povu.

"Mungu ni mwema," nilimsikia mama mmoja akisema. "Ona vijana wa Nairobi wamekuja kunywa uji."

Hapo nikaanza kushuku. Kwa nini wamama hawajui, kama Mama anajua?

Lewis alinisukuma jukwaani. Kazi yangu ilikuwa moja tu, kushika kipaza sauti na kutaja jina la bia.

"Wageni wetu," nikasema, "Ngazi Tatu inawaletea..."

Jina lilikuwa pale, kwenye bango, urefu wa mtu mzima. Mwenye jina alikuwa chini yake, ameinamisha macho kwa heshima yangu. Nilijaribu tena.

"Inawaletea... huyu."

Yule mwenye kofia akaanza kupiga makofi, na uwanja wote ukamfuata. Lewis akaninong'oneza kwamba bia isiyotamkwa jina ni wazo la mwaka.

Sue akampa Mama kipaza sauti afungue kwa maombi. Mama akasimama, na watu zaidi ya mia mbili wakainamisha vichwa wakiwa na glasi mkononi.

"Baba, tunakushukuru kwa uji huu," akasema Mama. "Kila mtoto atakayeunywa, ukamtie nguvu. Na mkwe wangu aliyenikumbuka katika uzee wangu, ukambariki."

Nilimtafuta Nerima. Alikuwa kando ya jukwaa. Nikainama.

"Ulimwambia nini Jumatano?"

"Nilimwambia umekuja kumkaribisha."

"Nerima, nilikutuma na neno."

"Pressure yake ilikuwa mia na themanini, shemeji. Ningemwambia hivyo nimuue?" Akashika nywele zake mpya. "Halafu Sue, alipopiga simu, alikuwa ameniahidi kazi."

Amina ikasemwa. Sue, ambaye hajui lolote linaloendelea duniani, akamletea Mama glasi iliyojaa.

Mama alikunywa mara moja, akasita. Aliiangalia glasi. Kisha akanywa tena, polepole, akaishikilia mdomoni, akameza. Mwenye kofia alikuwa ameonja asubuhi nzima lakini hakuwahi kuonja hivyo.

"Nerima," akasema, na kipaza sauti kilikuwa bado mkononi, "mwambie mkwe wangu unga aliunguza. Na alikuwa na haraka. Hii ilitaka siku mbili tena."

Wageni wakashangilia. Walidhani ni sehemu ya onyesho. Sue alikuwa anarekodi.

Wamama hawakushangilia. Mama Joash, mke wa mchungaji, alinusa glasi yake, akaiweka chini ya kiti. Naliaka aliokota mkebe, akaugeuza nyuma, akasoma yale maandishi madogo ambayo hakuna mtu husoma.

"Asilimia saba," akasema. Kisha akaja mpaka mbele ya jukwaa, bila kupandisha sauti. "Baba Emmy. Hii miaka miwili umekuwa ukipika nini?"

"Naliaka, twende nyumbani nikueleze."

"Nieleze hapa."

"Ni bia."

Hakunitukana. Aliniacha, akamgeukia Mama.

"Mama, uji haukaangwi unga. Mimi nimelelewa kwa chungu chako, najua. Aliposema umfunze kukaanga unga, ulifikiri ni uji gani?"

Mama aliiangalia tena glasi. Nilimwona akikifikiria kitu hicho, na nikaona hata yeye hana hakika na moyo wake.

"Sawa," akasema Naliaka. Macho yake yalikuwa makavu, na hilo lilinitisha kuliko machozi. "Masinde, nataka neno moja. Kama Mama alijua mnapika nini akakubali, mlinificha wawili, na hayo tutaongea kwa nyumba. Lakini kama hakujua, kama ulichukua mama yangu na kitambaa chake cha kanisa ukamuuza kwa walevi, usirudi kwa hiyo nyumba. Mimi na Emmy hutatuona. Alijua, ama hakujua?"

Emmy alikuwa ameshika sketi ya mamake, ananiangalia. Nerima alikuwa anaangalia viatu. Msema kweli ni mpenzi wa Mungu, lakini hajaahidiwa kwamba mkewe atamrudia.

"Alijua," nikasema.

Nimewaungamia mengi katika ukurasa huu tangu tuanze. Nilikunywa karo, niliiba kimera, niliapa kwa Biblia ya mke wangu. Yote hayo ningeyarudia mara mbili ili nisiwe nimesema neno hilo.

Mama aliinua macho akanitazama. Miaka kumi na minne nimemwoa binti yake, na hatukuwa tumewahi kutazamana usoni.

"Mama, ni kweli?" akauliza Mama Joash. "Umerudi kwa chungu?"

Neno moja lake lingetosha kunimaliza. Angesema hapana, na kila mtu angemwamini, kwa sababu hajawahi kusema uongo tangu aokoke.

"Ni kweli," akasema.

Mama Joash akachukua mkoba wake. Wamama wakainuka mmoja mmoja, wakatoka bila kumngojea mwenyekiti wao, na vitabu vya nyimbo kwapani. Mama alimrudishia Sue kipaza sauti kwa mikono miwili, akatoka hemani. Naliaka akamshika mkono. Alipopita karibu nami alisema, "Usichelewe. Tuna maneno," na kwa sauti hiyo nikajua nyumba yangu imesimama.

"Budaa," Lewis akaninong'oneza, ananionyesha mkono wake uliosisimka. "Mathe amekubali live. Mikebe yote imebebwa. Umeona hiyo story?"

Nilikuwa naangalia lango. Nerima alikuwa ameliacha gari, anarudi kwangu mbio, na viatu vyake vya kisigino vinazama kwenye nyasi.

"Mama amenituma na neno," akasema.

"Umeliongeza ama umelipunguza?"

"Hili sijaligusa. Ameniambia nilirudie mara tatu kwanza." Alikuwa analia. "Anauliza, kesho wakimsimamisha mbele ya kanisa kumvua uenyekiti, wewe utakuwa umekaa wapi."